Wawili Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sehemu za wapendanao kutembelea

Haya ni maswali ya wachumba, wanandoa wapya na waliooana zamani wanaotaka siku yao wawili bila kwenda Zanzibar. Tumeanza na ya msingi, na yale ya mara chache yako mwishoni. Mtaona tunazungumzia saa na barabara sana kuliko maua. Huku kwetu mahali pazuri ni pengi. Kinachoharibu siku ni kufika saa mbaya au kukwama njiani.

## Ya kuanzia

Tuna siku moja tu. Twende wapi?

Mkiwa Moshi na mnapenda kuogelea, nendeni Chemka. Mkipenda kutembea kwa miguu na kupanda kidogo, nendeni Materuni, penye maporomoko ya maji. Mkiwa Arusha na mna nusu siku tu, Ziwa Duluti pale Tengeru linawatosha. Mkiwa na siku nzima na gari, ingieni Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mmoja wenu akiwa na magoti yanayouma au ni mjamzito, achaneni na maporomoko. Mteremko wa kushuka hauogopeshi, lakini kuupanda wakati wa kurudi ndiko kunakochosha.

Chagueni sehemu moja kwa siku. Wengi huunganisha Materuni asubuhi na Chemka mchana, na kwa gari la kukodi inawezekana. Lakini Materuni iko Uru, juu ya mji, na Chemka iko chini, kupitia Boma Ng'ombe. Sehemu kubwa ya siku yenu itaishia kwenye kiti cha gari, na Chemka mtaikuta imeshajaa watu.

Miezi gani ni mizuri?

Januari na Februari kuna joto, na Mlima Kilimanjaro huonekana mara nyingi. Juni hadi Oktoba ni kiangazi: njia ni kavu, ila vumbi ni jingi, na Julai kuna baridi, hasa Arusha ambayo iko juu zaidi ya Moshi. Bebeni sweta hata kama mchana jua linawaka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maporomoko huwa na nguvu na migomba hung'aa, lakini njia za udongo huteleza na mlima hujifunika siku nyingi mfululizo. Vuli ya Novemba na Desemba si mbaya: mara nyingi hunyesha kisha hukatika, na jua hutoka tena.

Desemba tunaitaja peke yake. Kuanzia wiki ya Krismasi Wachaga wanapanda nyumbani kutoka kila kona ya nchi. Barabara za Marangu, Machame na Rombo hujaa magari, nauli hupanda, na vyumba Moshi huwa vigumu kupatikana. Ni kipindi cha furaha sana, lakini mkitaka utulivu wa wawili, njooni baada ya katikati ya Januari.

Siku gani ya wiki, na saa ngapi?

Jumanne hadi Alhamisi. Jumapili na sikukuu, Chemka huwa na spika, majiko ya nyama na vikundi vya wanafunzi, na huwezi kusikia sauti ya mwenzako. Fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Hata maji huwa tofauti: asubuhi unaona mchanga wa chini kabisa, na kufika saa nane watu wamelitimua tope.

Jua huzama saa kumi na mbili na nusu jioni, pengine dakika chache kabla au baada, mwaka mzima. Giza letu huingia haraka. Mkitaka kutazama machweo mkiwa nje ya mji, dereva awe tayari anawasubiri.

Tubebe pesa kiasi gani?

Hesabuni mafungu manne: usafiri, kiingilio, mwongozaji na chakula. Ulizeni kila fungu peke yake kabla ya kukubali. Ukiambiwa bei moja ya jumla, uliza kama kiingilio kimo ndani, kwa sababu ugomvi mwingi wa getini huanzia hapo. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni huwa tofauti, hivyo mwenye kitambulisho cha taifa asikiache nyumbani.

Bebeni noti ndogo. Vijijini chenji ya elfu kumi ni kazi, na mtandao wa kutuma pesa kwa simu unaweza kupotea bondeni. Kwenye hifadhi mambo ni kinyume: pale hawapokei fedha taslimu (tazama sehemu ya hifadhi hapa chini).

## Chemka

Chemka ni wapi, na tunafikaje bila gari?

Ni chemchemi ya wilaya ya Hai, upande wa Rundugai. Wengine huiita Kikuletwa au Maji Moto. Pandeni basi dogo la Moshi–Arusha, mshuke Boma Ng'ombe. Kutoka pale ni bodaboda au bajaji kwenye barabara ya vumbi, kilomita kumi na kitu kuelekea kusini.

Kubalianeni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, na mlipe nusu tu wakati wa kwenda. Mchana hakuna usafiri wa uhakika wa kurudi, na kuupata wenye bei nafuu saa kumi na moja jioni ni bahati. Chukueni namba ya dereva, na mpigieni mkiwa hapohapo ili mhakikishe inaita. Kwa bajaji mtakaa pamoja, ila vumbi mtalila hata hivyo. Kanga moja ya kujifunika usoni na kichwani inasaidia sana. Kuja na nywele zilizosukwa jana bila kitu cha kuzifunika ni kuziharibu.

Mvua ikinyesha usiku uliotangulia, ulizeni Boma Ng'ombe hali ya njia kabla ya kuondoka. Ule udongo mweusi ukilowa hunata kwenye matairi, na gari dogo halitoki.

Maji ni ya moto kweli?

Hapana, ni ya uvuguvugu. Jina huwadanganya wengi. Mnaweza kukaa ndani muda mrefu bila kutetemeka, na hiyo ndiyo raha yake. Rangi ni ya buluu iliyochanganyika na kijani, na mikuyu imeinama juu yake mpaka mizizi imeingia majini. Kaeni kwenye mzizi mkubwa, miguu ndani, mtulie kimya. Baada ya dakika moja hivi samaki wadogo wanakuja kudonoa visigino. Anayeanza kucheka kwanza humwangusha mwenzake majini.

Mmoja wetu hajui kuogelea. Tuache?

Msiache, ila mjue kwamba kina hubadilika ghafla. Pembeni unaweza kuwa unakanyaga mzizi au jiwe, na hatua moja mbele hakuna kitu chini ya mguu. Maji yakiwa angavu hivyo, macho hudanganya: chini huonekana karibu kuliko kulivyo. Asiyejua kuogelea akodi tairi la kuelea pale pale, abaki karibu na mizizi, na mwenzake asimwache hata kwa dakika ya kwenda kupiga picha. Msitegemee kwamba kuna mwokoaji anayewatazama.

Kamba ya kubembea ni ya wanaojua kuogelea tu. Ukijirusha, achia kamba ikiwa imefika mbali kabisa. Anayesitasita na kuachia ikiwa inarudi huangukia mizizini. Pombe iwe baada ya kutoka majini.

Vitu vyetu tuviweke wapi?

Mwachieni muuza chakula mnayenunua kwake, au mwingie majini kwa zamu. Msining'inize mkoba kwenye tawi: tumbili wa pale wanajua kufungua zipu, na ndizi au biskuti wanainusa kwa mbali.

## Materuni na Marangu

Materuni inataka nguvu kiasi gani?

Kutoka kijijini hadi kwenye maporomoko ni kama dakika arobaini na tano, au saa nzima kwa mwendo wa kuzungumza. Njia hupita kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kati ya migomba na kahawa. Vaeni viatu vyenye meno. Raba zenye soli laini ndizo zinazowaangusha watu kwenye udongo mwekundu, na ndala hukatika.

Maji huanguka kutoka urefu wa karibu mita 80, na upepo wake wenyewe hukurushia manyunyu kabla hujalifikia bwawa. Ni ya baridi sana, kwa kuwa yanatoka mlimani. Ingieni pembeni, taratibu, na msisimame chini kabisa ya maporomoko. Mvua ikiwa imenyesha juu, maji hubeba mawe na vipande vya miti, na kutokea urefu ule hata jiwe dogo ni hatari. Bebeni taulo na nguo kavu za juu. Kurudi mlimani na nguo mbichi kunaharibu kila kitu kilichotangulia.

Ile shughuli ya kahawa ni ya watalii tu, au inatufaa na sisi?

Inawafaa, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwa wapendanao, kuliko hata maporomoko yenyewe. Mnapewa kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na ganda, kinu kimoja na michi miwili. Mnatwanga kwa zamu: wa mmoja ukipanda, wa mwingine unashuka. Mkikosa mwendo, michi inagongana. Wenyeji watawaimbia na kupiga makofi hadi mkae sawa, na kwa kawaida dakika mbili zinatosha kuonyesha nani ana haraka na nani anasikiliza.

Kisha mnapepeta kwa ungo, mnakaanga kwenye chungu juu ya mafiga mkigeuza bila kuacha mpaka punje zianze kulia na kugeuka kahawia iliyoiva, mnatwanga tena, mnachekecha, mnachemsha. Ikikaangwa bila kugeuzwa, upande mmoja huungua na kikombe chote huwa kichungu. Tengeni saa moja na nusu kwa shughuli hii, na msiifanye mkiwa na njaa. Agizeni mtori au ndizi nyama asubuhi mkipita kwenda majini, ili mkirudi chakula kiwe tayari.

Mbona kuna yale majani marefu kwenye mipaka ya kila kihamba?

Ni isale. Wachaga hulipanda kuonyesha mpaka, na pia ni jani la kuomba msamaha. Aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani la isale, si rahisi huyo kumkatalia. Wengi wakishaelezwa hutaka kulichuma wampe mwenzao, na hakuna ubaya, ila ombeni ruhusa ya mwenye kihamba kwanza. Ukichuma isale la mpaka bila kuuliza, umegusa mpaka wa mtu.

Marangu ina tofauti gani na Materuni?

Marangu ni rahisi kuifikia. Kuna magari kutoka Moshi kupitia Himo hadi Marangu Mtoni, na maporomoko ya Kinukamori yako karibu na hapo. Ni mafupi kuliko ya Materuni, na mnashuka kwa ngazi hadi chini. Ni pazuri kwa wanaotaka maji na kivuli bila safari ndefu.

Juu ya maporomoko kuna sanamu ya msichana. Kisa kinachosimuliwa ni cha Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, kosa kubwa enzi hizo. Alikuja pale kujirusha, akabadili nia, akageuka arudi nyumbani, na mbele yake akamkuta chui. Kwa hofu aliruka nyuma, akasahau bonde lilipo. Mwongozaji atawasimulia kwa urefu. Mkiwa na jambo gumu la familia linalowasumbua, mjue mapema kwamba mtakisikia kisa hiki.

## Ziwa Duluti na Ziwa Chala

Duluti kuna nini cha kufanya?

Kutembea, kupiga kasia na kukaa kimya. Ni ziwa la volkeno ndani ya msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, nje kidogo ya barabara kuu ya Moshi pale Tengeru. Njia inazunguka ziwa lote chini ya miti mikubwa, na kwa mwendo wa taratibu mnaimaliza ndani ya saa moja na nusu. Kenge wakubwa hujianika ukingoni, huwakimbia ninyi kabla hamjawakimbia wao.

Kwenye mtumbwi vaeni jaketi okozi na mfunge kamba zake zote. Lililoachwa wazi huvuka kupitia kichwani ukianguka. Mzito akae nyuma, mwepesi mbele, na mtu asisimame kupiga picha. Asubuhi ziwa ni kioo. Baada ya saa saba upepo huanza na kupiga kasia kunakuwa kazi. Kuogelea hapana.

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru. Kuna foleni, lakini kuna parachichi na ndizi za kubeba kwa bei nzuri.

Chala je? Tunaona picha zake, rangi yake haifanani na kitu.

Ni kweli haifanani. Ni ziwa la kreta lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, upande wa Rombo, na rangi yake hubadilika kati ya buluu iliyokolea na kijani. Linalishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Kutoka ukingo wa juu hadi majini ni mteremko mkali, na kurudi juani ni adhabu. Shukeni asubuhi, na kila mmoja awe na lita mbili za maji ya kunywa.

Msiogelee, hata mkiona wengine wanaogelea. Mwaka 2002 mwanafunzi Mwingereza aliuawa na mamba upande wa Kenya, na ziwa ni lilelile. Sisi tunapendekeza mbaki juu: tandikeni kitenge ukingoni jioni na mlitazame ziwa likibadilika rangi. Nendeni na gari lenu au la kukodi, kwa sababu usafiri wa kurudi jioni ni mgumu.

## Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Inafaa kwa wawili, au ni ya safari za vikundi?

Inafaa sana, kwa sababu ni ndogo na ina utulivu. Mnakata kona Usa River, na mkishapita lango la Ngongongare mnaweza kukutana na twiga ndani ya dakika chache. Simba msiwategemee. Mnakuja kwa ajili ya mbega wenye mikia mirefu myeupe, kreta ya Ngurdoto yenye upana wa karibu kilomita tatu ambayo mnaitazama kutoka ukingoni tu, na maziwa ya Momella. Kila ziwa lina rangi yake kutokana na aina ya mwani unaoota ndani, na heroe husimama kwenye maji ya chumvi wakiwa waridi mtupu.

Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo, hivyo wekeni pesa kwenye simu au benki kabla ya kufika. Ingieni mapema, kwani saa kumi na mbili jioni mnatakiwa muwe mmetoka. Kwa mizunguko ya ndani mnahitaji gari, bodaboda haitawafaa.

Tunaweza kutembea kwa miguu ndani?

Ndiyo, mkiwa na askari mwenye silaha, na hulipiwa peke yake. Matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia hupita kwenye uwanda wa nyati. Vaeni rangi tulivu, msipulize marashi makali, na askari akisema simama, simameni. Faragha haipo, maana mko watatu. Kama mnataka mazungumzo ya wawili, fanyeni mzunguko wa gari na msimame kwenye sehemu za mapumziko zenye meza.

## Pete, picha na adabu

Nataka kumvisha pete Kilimanjaro ikiwa nyuma yetu. Nipange saa ngapi?

Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujitokeza alfajiri, hujifunika jua linapopanda, na mara nyingine hufunguka tena kabla ya magharibi. Ukipanga saa sita mchana, utapiga picha na wingu.

Kwa Moshi mlima uko kaskazini, hivyo tafuta paa la hoteli au uwanja usio na nyaya za umeme upande huo. Nenda siku moja kabla, saa ileile, ukaangalie. Weka siku ya akiba: mlima ukikataa leo, unajaribu kesho bila mwenzako kujua. Mpiga picha afike dakika ishirini kabla yenu, akae kama mteja mwingine.

Kushikana mikono na kubusiana hadharani?

Kushikana mikono hakuna shida. Kubusiana mbele ya watu, hasa vijijini Uru na Marangu, huonekana ni kukosa heshima, na wazee watageuza uso. Wapeni shikamoo mnapopita, na majibu mtakayopata yatawafungulia njia kuliko hela ya mwongozaji. Nguo za kuogelea ziishie majini. Mkitoka, fungeni kanga.

Gesti wanaweza kutuuliza cheti cha ndoa?

Hoteli nyingi huandika majina na vitambulisho tu. Hosteli za taasisi za dini zinaweza kuwa na masharti yao, kwa hiyo pigeni simu kwanza, mwulize wazi. Ni nyumba yao.

## Mambo yakienda kombo

Mvua imetukuta Materuni. Tufanye nini?

Ombeni hifadhi nyumba ya karibu, hamtakataliwa. Msivuke kijito kilichobadilika rangi kuwa kahawia, hata kama mlikivuka dakika ishirini zilizopita. Subirini maji yapungue. Wakati wa kushuka, kanyageni pembeni penye majani, siyo katikati ya njia palipolainishwa na miguu ya watu.

Pete imeangukia majini Chemka. Inaweza kupatikana?

Mara nyingi inawezekana, mkifanya haraka jambo moja: kila mtu aache kusogea. Miguu ikitimua mchanga, pete huzama ndani yake. Mmoja abaki palepale ilipoangukia, kama alama. Subirini tope litulie, kisha mtu mwenye miwani ya kuogelea atazame bila kukanyaga, akianzia pale na kufuata mkondo unakoelekea. Vijana wa pale wanaijua sakafu ya chemchemi ile kwa vidole. Kubalianeni zawadi kabla hawajazama. Mchunguze na mizizi, kwani vitu vidogo hunasa kwenye vinyweleo vyake. Na kwa anayepanga kumvisha mwenzake pete ndani ya maji: vidole vikilowa pete huteleza, basi ifunge kwa uzi mwembamba kwenye kifundo cha mkono wako mpaka iingie kidoleni.